Dagaa Hawaanikwi Usiku

Simu ililetwa ndani ya sufuria ya mchele,
imezimika, mchanga umejaa kwenye tundu la chaji.
Mimi ni fundi tu, hapa Mwaloni, Kirumba.
Nabadilisha vioo, nachokonoa spika kwa sindano,
siulizi simu ilizama wapi, wala ilizama na nani.

Siku ya tatu ikawaka.
Kabla sijagusa kitu, ikaita.
Kioo kikaandika: MAMA.
Sikupokea. Ningesema nini?
Kwilasa, mwenye simu, walishamzika Jumapili,
na taarifa ilishasomwa redioni,
ukurasa mmoja na nusu, muhuri umekaa sawasawa:

*Majira ya saa tisa usiku, karibu na kisiwa cha Kibugasha,
askari wa doria walishambuliwa na watu wasiojulikana.
Katika majibizano ya risasi, watu watatu walipoteza maisha.*

Walipoteza.
Kama mtu anavyopoteza kofia kwenye upepo.

Video ilikuwa ya sekunde arobaini na moja.
Boti ya kijivu. Mikono imeinuliwa,
mmoja bado umeshika kopo la kukumbia maji.
Kisha mlio, kisha anga,
kisha sakafu ya mtumbwi, karibu mno.

Nilimrushia Milembe peke yake, dada wa marehemu.
Milembe akairusha kwenye kundi la waanika dagaa,
lile la mchango wa kila Ijumaa,
na kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika Ukerewe, Bunda, Musoma;
Bukoba iliingia kabla meli haijang'oa nanga.

Jioni ikatoka taarifa ya pili:
video hiyo ni ya zamani,
ni ya nchi nyingine,
imeundwa kwa kompyuta na wasioitakia nchi mema.

Milembe hajawahi kugusa kompyuta.
Aliisimamisha video kwa kidole gumba chenye magamba,
akaivuta, akaivuta tena, akanigeuzia.
"Usimwangalie mwenye bunduki. Tazama nyuma ya bega lake.
Wale ni dagaa wangu.
Kile chandarua cha bluu kilitoboka mwezi wa tatu,
nikakiziba kwa kipande cha khanga ya msiba wa baba.
Nchi gani nyingine ina msiba wa baba yangu?
Na kivuli cha kichanja kimelalia magharibi,
kirefu mara mbili ya mtoto yule.
Hiyo ni saa moja na nusu, jua limeshapanda.
Saa tisa usiku! Waulize wake zao.
Dagaa hawaanikwi usiku."

Hivyo mashahidi wetu wakawa dagaa,
maelfu, wamelala kimya kwenye chandarua,
macho wazi,
hakuna hata mmoja aliyepepesa.

Taarifa ya tatu ilikuwa fupi: *Uchunguzi unaendelea.*
Neno hilo ziwa linalijua.
Ndivyo yanavyoendelea magugumaji,
leo Kirumba, kesho Igombe,
na chini yake maji ni yaleyale.

Kundi la Ijumaa limepungua. Wengine wamejitoa usiku,
bila kuaga. Siwalaumu.
Mimi mwenyewe nimefuta, nikarudisha, nikafuta,
nikarudisha.

Juzi, nikifunga kibanda, alikuja kijana.
Amevaa kandambili, lakini anatembea gwaride.
Akaweka simu juu ya kioo cha meza, taratibu,
kama anayelaza mtoto.
"Kuna kitu imegoma kufuta," akasema.
"Kina urefu gani?"
"Dakika mbili. Na ushei."

Yetu ina sekunde arobaini na moja.

Alitazama kule ziwani, si kwangu.
"Itachukua muda gani, fundi?"
Nikamjibu kama tunavyojibu mafundi wote:
"Njoo kesho."
Akashusha pumzi, kama aliyetua gunia,
akaenda zake bila risiti,
bila kuniachia jina, bila kutaja namba ya siri.

Nilipoigeuza simu, namba ilikuwa nyuma,
imeandikwa kwa kalamu nene,
tarakimu kubwa, za mtu anayetaka zisomwe.